Jinsi ya Kumtafuta, Kumchimba na Kumvumbika Maku, Kiwavi wa Mizizini wa Australia ya Kati

Karibuni, watazamaji. Tuko katika nchi kame ya Australia ya kati, pande za Alice Springs, mji ambao wenyeji wake wa asili, Waarrernte, wanauita Mparntwe. Tunamtafuta kiwavi mnene, mweupe kama maziwa, anayeishi ndani ya mizizi. Wapitjantjatjara, wenyeji wengine wa asili wa huku, wanamwita maku. Waaustralia wengi wanamjua kwa jina la witchetty, na wanasayansi humwita Endoxyla leucomochla.

Kabla ya yote, ruhusa. Sehemu kubwa ya ardhi hii ni mali ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, kwa sheria ya mwaka 1976 inayohusu Northern Territory, eneo ulipo mji huu, na mgeni huingia kwa kibali. Kibali cha kupita si kibali cha kuchimba: mwulize mwenye eneo, kisha uongozane naye. Kuna mahali hapachimbwi kabisa. Kwa Waarrernte, viwavi ni wazee wa asili walioiumba nchi ya Mparntwe, na mmoja wao, Yeperenye, jina lake linatajwa kwa heshima hadi leo. Ukiambiwa "hapa hapana," funga mfuko uende kwingine.

Vifaa ni vichache. Zamani kinamama, ambao ndio wachimbaji wakuu wa maku, walitumia muo wa mti mgumu uliochongwa ncha; Wapitjantjatjara huuita wana. Siku hizi wengi hutumia mtaimbo wa chuma. Chukua pia beleshi dogo, bakuli pana, na maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani yatakutosha.

Sasa tafuta mti. Tazama huu hapa: kichaka cha jamii ya migunga, urefu wa mita 2 hadi 4, mashina mengi yanayotoka chini pamoja, majani ya kijani chenye ukijivu, na maua ya manjano yaliyojipanga kama kidole. Jina lake la kitaalamu ni Acacia kempeana. Mgunga mwingine wa huku, unaoitwa mulga, unafanana nao kwa mbali, lakini majani yake ni membamba zaidi. Wageni wengi hupotezea asubuhi nzima hapo.

Ukishaupata mti, weka mtaimbo chini. Tembea polepole kuuzunguka, macho yakiwa ardhini. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na anayeiruka hatua hii atatoka jasho bure na kuukata mti mizizi bila sababu.

Alama ya kwanza ni ufa. Kiwavi anapokua, mzizi unaomhifadhi huvimba, na udongo ulio juu yake hupasuka mstari mwembamba. Usichanganye na nyufa za ukavu: hizo huenda kila upande kama wavu, lakini ufa wa maku hufuata njia ya mzizi. Gongagonga juu yake kwa ncha ya mtaimbo, usikie kama pana uwazi chini.

Alama ya pili ni ganda. Maku akishakomaa hugeuka bundo, hujisukuma hadi juu ya udongo, kisha anatoka kipepeo mkubwa wa usiku na kuacha ganda la kahawia, jepesi, tupu. Ukiliona limesimama kwenye tundu, usichimbe tundu hilo, maana mwenye nyumba ameshahama. Lakini mti huo unawafaa viwavi, kwa hiyo kagua mizizi yake mingine.

Tumeupata ufa. Chomeka mtaimbo kando yake, umbali wa kiganja kimoja, kamwe usichomeke juu ya ufa wenyewe. Ukiupiga katikati utamtoboa kiwavi, na maku aliyetobolewa humwaga mafuta yote yanayomfanya atafutwe. Legeza udongo, uondoe kwa mikono hadi mzizi uonekane. Angalia palipovimba, na unga wa mbao wenye rangi ya hudhurungi: hicho ni kinyesi chake. Inua mzizi kwa kuukongoa taratibu, uvunje karibu na uvimbe, kisha upasue kwa vidole kufuata urefu wake. Huyu hapa. Anaweza kufika sentimita 7. Mshike nyuma ya kichwa, maana taya zinazotafuna mbao zinaweza kukufinya sawasawa.

Kila handaki lina mkaaji mmoja, kwa hiyo usiendelee kuvunja mzizi uleule ukitumaini kupata ndugu zake. Mweke bakulini kivulini pamoja na vipande vya mzizi. Akiachwa juani hufa na kuwa mweusi; huyo mtupe.

Wapo pia viwavi wa jamii hiyo wanaokaa ndani ya mashina ya mikalitusi ya mabondeni. Hao hawachimbwi. Hupanuliwa tundu kidogo, kikaingizwa kijiti chembamba chenye kulabu na kuwavuta nje.

Kupika. Washa kuni za mulga, zinatoa makaa mazito. Subiri moto ulale kabisa, kisha sogeza makaa pembeni, ubaki na jivu na mchanga wa moto. Mlaze maku juu yake, umfukie nusu, umviringishe kwa kijiti. Baada ya dakika moja au mbili atanyooka, atakuwa mgumu, ngozi itavimba na kupata rangi ya dhahabu. Hapo mtoe. Akipigwa na ndimi za moto atapasuka, na mafuta yatawaka. Jivu likiwa vuguvugu tu, ngozi inakuwa ngumu kama mpira na jivu linamganda.

Anayejua kuandaa senene kule Bukoba atataka kunyonyoa na kukaanga, na aliyezoea viwavi wakavu wa masoko ya Kongo atataka kukausha. Huyu hahitaji lolote. Hakamuliwi tumbo, hatiwi mafuta, na chumvi humharibu. Kipepeo atakayetokana naye hali chochote maisha yake yote, hivyo akiba yote ya mafuta huwekwa na kiwavi, tayari mwilini.

Mpukute jivu, mshike kichwa, ng'ata mwili wote, kichwa utupe. Ngozi ina ladha ya ngozi ya kuku wa kuchoma, ndani ni laini na manjano kama kiini cha yai, na mwishoni inabaki ladha ya lozi. Wenyeji humla mbichi pia, hapohapo shimoni, na ladha ya lozi huwa kali zaidi. Kwa anayeanza, aliyevumbikwa ni rahisi kumzoea. Tahadhari moja nzito: mwenye mzio wa kamba au kaa asionje, kwa sababu wadudu wana protini zinazofanana na za viumbe hao, na mwili unaweza kuzikataa vilevile.

Tukimaliza tunarudi shimoni. Mizizi iliyobaki irudishwe chini, udongo ujazwe na kukanyagwa kwa mguu, vipande vilivyovunjika viachwe juu vikiwa matandazo. Mzizi ulioachwa wazi hukauka kwa jua la huku, na kichaka kikikosa mizizi ya upande mmoja huanza kufa upande huohuo. Chukueni wa kula leo tu, na msichimbe mizizi yote ya mti mmoja.