Mfamasia Yupo, Lakini Je, Ana Nafasi ya Kutazama?

Asante, mwenyekiti. Wanataaluma wenzangu, wanafunzi, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja hapa, nawashukuru.

Sheria za famasi katika nchi nyingi zina sharti linalofanana: dawa ya cheti cha daktari isitolewe bila usimamizi wa mfamasia. Mkaguzi akifika huangalia leseni ukutani, huuliza mfamasia yuko wapi, akishamwona hujaza fomu yake na kwenda zake. Mimi nasema ukaguzi huo hautoshi. Mtu anaweza kuwepo tangu asubuhi hadi usiku asipate nafasi ya kusimamia chochote. Sheria ikidai awepo bila kumlindia muda wa kufanya kazi yake, inamtwisha lawama zote huku uamuzi wa idadi ya watu kwenye zamu ukibaki kwa mwenye duka.

Tuingie nyuma ya kaunta. Kimeletwa cheti cha methotreksati, mgonjwa ana baridi yabisi. Kwa ugonjwa huo dawa hii humezwa mara moja kwa wiki. Ikimezwa kila siku hudhoofisha uboho, chembe za damu hupungua, mdomo hujaa vidonda, na mgonjwa anaweza kufa. Kosa hili limeshaua watu. Sasa cheti kimeandikwa "kila siku". Mfamasia anatakiwa asite. Ajiulize dawa ni ya ugonjwa gani, afungue kumbukumbu za mgonjwa, ampigie daktari, asubiri jibu, kisha amweleze mgonjwa ana kwa ana ni siku ipi ya wiki atakayomeza, na ahakikishe ameelewa. Na wakati huohuo simu nyingine inaita, fundi sanifu, yaani msaidizi wa mfamasia anayeandaa dawa, amesimama na trei nne zinazongoja kuhakikiwa, aliyekuja kuchanjwa ameshakunja mkono wa shati. Kule kusita ndiyo taaluma yenyewe, wenzangu. Watu wakipungua kwenye zamu, ndiko kunakotoweka kwanza, na hakuna anayegundua mpaka mgonjwa aumie.

Mwaka 2016 waandishi wa gazeti la Chicago Tribune la Marekani walipeleka vyeti kwenye famasi 255. Kila mara vilikuwa vya dawa mbili zisizofaa kutumiwa pamoja, kwa mfano klarithromisini na simvastatini, ambazo zikikutana zinaweza kuharibu misuli na figo. Asilimia 52 ya famasi hizo ziliuza bila neno la onyo. Sikubali kwamba wafamasia wa zaidi ya nusu ya maduka hayo hawakusoma shule. Jimbo la Illinois nalo halikuishia kuwalaumu: tangu Januari 2020, mwajiri haruhusiwi kumlazimisha mfamasia kufanya kazi zaidi ya saa 12 mfululizo kwa siku, na mapumziko ya chakula yamewekwa kisheria. Ni hatua ndogo, lakini imegusa mahali penyewe.

Wengi wetu tukisikia habari ya kudhibiti idadi ya watumishi tunakimbilia uwiano: mafundi sanifu wasizidi wawili, au watatu, kwa kila mfamasia. Sina ugomvi na uwiano, kwa sababu hakuna awezaye kusimamia mikono kumi kwa wakati mmoja. Ila angalieni pengo lake. Uwiano huweka kikomo cha juu tu. Famasi yenye mfamasia peke yake, bila msaidizi hata mmoja, imeutimiza kikamilifu! Jimbo la California, Marekani, waliliona hilo, na mwaka 2018 wakapitisha sheria inayokataza mfamasia kulazimishwa kufanya kazi bila mtumishi mwingine wa kumsaidia. Baadaye, mwaka 2021, wakapiga marufuku kuwapangia wafamasia idadi ya vyeti au chanjo za kutimiza. Mwaka 2023 wakaenda mbali zaidi: mfamasia msimamizi akapewa mamlaka ya kuamua watu wanaohitajika, na hali ya hatari ikitokea anaujulisha uongozi wa duka, isiporekebishwa ndani ya saa 24, taarifa inakwenda kwa bodi ya jimbo inayosimamia famasi. Katika yote niliyoyataja leo, hili ndilo ninaloliona la maana kuliko mengine.

Kuhusu kukasimu kazi, msimamo wangu ni mwepesi. Fundi sanifu aliyefunzwa vizuri anaweza kuhakiki kwamba kilichomo kwenye pakiti ndicho kilichoandikwa. Uingereza wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Mfamasia abaki na swali zito, kama dawa hii inamfaa mgonjwa huyu. Lakini muda unaookolewa uende kwa mgonjwa. Ukigeuzwa kisingizio cha kupunguza wafamasia, tutakuwa tumeondoa jicho moja bila kuongeza lingine.

Najua wenye maduka watauliza gharama. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa makosa ya dawa huigharimu dunia dola bilioni 42 kila mwaka. Gharama ipo tayari, ila anayeilipa ni mgonjwa na hospitali inayompokea.

Kwa hiyo ninapendekeza kanuni zetu zidai jambo ambalo leo halidaiwi. Kila kosa la kutoa dawa linaporipotiwa, ripoti ionyeshe walikuwa watu wangapi kwenye zamu, vyeti vingapi vilipita mikononi mwao siku hiyo, na nani aliyeamua idadi hiyo ya watu. Jina lake liandikwe kwenye ukurasa uleule wenye jina la mfamasia.