Wazungu Wakoje? Jibu Langu kwa Mnaoniuliza Kila Wiki

Assalamu alaykum, ndugu zangu, na karibuni tena. Leo sitembei na kamera mjini, nimekaa kitako kujibu swali ambalo haipiti wiki bila kuandikwa chini ya video zangu: "Dada, Wazungu wakoje?" Wengine huliuliza hukumu ikiwa tayari mkononi, kwamba Wazungu hawana dini, Wazungu ni wabahili, Wazungu wote husema wazi bila kuficha, na mimi ninayekaa nao nithibitishe tu. Najua nikieleza kwa urefu wapo watakaosema najivunia kuishi nchi mbili, na nikitaja taabu wapo watakaosema nirudi Unguja ikiwa pamenishinda. Sijivuni na sijashindwa. Nasema kwa sababu wapo watu wanaouza kiwanja ili wasafiri, kwa kutegemea majibu ya watu kama mimi.

Nilianza maisha ya Ulaya mjini Leipzig, Ujerumani, kisha kazi ya mume wangu ikatuhamishia Gothenburg, Uswidi. Nilidhani kuhama kutoka nchi moja ya Umoja wa Ulaya kwenda nyingine kungekuwa jambo jepesi, maana nchi hizo 27 zina bunge lao la pamoja na nyingi zinatumia sarafu moja. Lakini kibali changu cha Ujerumani kiliniruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani zile zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, kwa siku 90 tu ndani ya kila siku 180, na hakikunipa haki ya kufanya kazi humo. Hati yetu ya ndoa, iliyoandikwa kwa Kiswahili, nilikuwa nimeilipia mtafsiri aliyeapishwa aifasiri kwa Kijerumani, na tulipohama nikalipa upya ili ifasiriwe kwa Kiingereza, kwa kuwa afisa aliyenihudumia hakuipokea ile ya mwanzo. Fedha ile ilikuwa ya ada ya mdogo wangu, na hadi leo naihesabu.

Ujerumani unajiandikisha makazi katika ofisi ya mji au wilaya unayoishi. Uswidi anayeandikisha wakazi ni ofisi ya kodi, na ndiyo inayotoa namba ya utambulisho ambayo bila yake hata kufungua akaunti ya benki ni mtihani. Leipzig nilizoea kubeba noti, kwa sababu maduka kadhaa ya mikate niliyonunua hayakupokea kadi. Gothenburg nilikuta maduka yaliyobandika tangazo kwamba hayapokei fedha taslimu kabisa. Katika majuma yale ya kusubiri namba nilikuwa na fedha lakini sina njia ya kuituma nyumbani, na jamaa yangu mmoja akatangaza kwenye kundi la familia kwamba nimekuwa bahili kama Wazungu. Maneno yale yaliniuma, na nayataja hapa kwa sababu mnaowahukumu walio huku mara nyingi hamjui kilichokwama ni nini.

Tazameni suala la mshahara pia. Uswidi ina sheria ya uwazi wa nyaraka za serikali tangu 1766, na mtu yeyote anaweza kuuliza kipato cha jirani yake kilichoandikwa kwenye kodi. Ujerumani taarifa hizo ni siri kisheria, na mfanyakazi mwenzangu wa Leipzig nilipomuuliza analipwa kiasi gani alinyamaza, akabadilisha mazungumzo. Sasa ukiniuliza kama Wazungu ni watu wa wazi, nikujibu kwa nchi ipi?

Hilo la dini ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu hurudiwa na watu wenye elimu. Ujerumani, aliyeandikishwa kuwa Mkatoliki au Mprotestanti wa Kanisa la Kiinjili la nchi hiyo hukatwa kodi ya kanisa, ambayo ni asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato kutegemea jimbo. Ufaransa ilitenganisha dola na dini kwa sheria ya 1905, na tangu 2004 msichana haruhusiwi kuvaa hijabu katika shule ya serikali. Uingereza, mfalme ndiye mkuu wa Kanisa la Anglikana. Hata ndani ya Ujerumani penyewe, tarehe 1 Novemba, Siku ya Watakatifu Wote ya Wakatoliki, ni sikukuu katika jimbo la Bavaria, ilhali Leipzig watu wanakwenda kazini, kwa kuwa wao walipumzika siku moja kabla, sikukuu ya Waprotestanti ya Matengenezo ya Kanisa. Majirani zangu wazee wa Leipzig wengi hawakuwa na kanisa, lakini hao walikulia Ujerumani Mashariki, dola ya kikomunisti isiyopendelea dini, ile ile iliyosaidia kujenga majumba ya Kikwajuni, Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964. Historia yao ndiyo iliyowafanya wawe hivyo, na bibi wa kijiji cha Bavaria anayekwenda misa kila Jumapili naye ni Mzungu vilevile.

Sikatai kwamba yapo wanayoshirikiana. Kote nilikoishi, barua ya ofisi ina uzito kuliko neno la mdomo, na kumtembelea mtu bila taarifa si kawaida. Lakini hayo hayatoshi kumpangia mtu safari.

Haya ni yangu, na mwingine aliyepita njia nyingine atawaambia tofauti, msikilizeni naye. Kwa Mkristo anayekwenda Ujerumani, simwambii afiche dini yake, ila ajue kabla ya kujaza fomu ya makazi kwamba jibu la swali la dini lina hesabu kwenye mshahara. Mwanafunzi naye aulize kiasi cha akiba kinachotakiwa na nchi anayokwenda, si "Ulaya". Na mkiniandikia, nitajieni nchi, mji na aina ya kibali mnachoomba. Ikiwa ni Ujerumani au Uswidi nitajibu kwa niliyoyapitia; ikiwa ni Ureno au Polandi, tafuteni anayeishi huko.