Udongo wa Owino Uhuru na Kiwanja Unachotaka Kununua

Ndugu zangu, hamjambo nyote, na asanteni kwa kuja.

Tuanzie Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa ubavuni mwa mtaa huo hadi kilipofungwa 2014. Moshi ulitua juu ya mabati, mvua ikauteremsha uani. Kiwanda kikaondoka, risasi, yaani ile metali yenye sumu iliyomo ndani ya betri, ikabaki. Dizeli iliyomwagika gereji huliwa taratibu na bakteria. Risasi haiozi, haina kinachoila. Imo kwenye vumbi la juu, na mtoto anayetambaa huila kwa kulamba vidole.

Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na mwanawe akapatikana na sumu hiyo, alipigania haki pamoja na wakazi hadi mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikaamuru udongo usafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe milioni 700 za kuusafisha. Kwenye rufaa fidia hiyo ikafutwa, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Desemba 2024 ushindi wao ukarudishwa. Zitazameni hizo namba: kusafisha udongo peke yake ni zaidi ya nusu ya fidia ya mtaa mzima.

Sasa wewe umeonyeshwa kiwanja palipokuwa na gereji au kiwanda cha ngozi, bei nzuri, hati safi. Hati haikuambii chochote kuhusu udongo. Waulize wazee wa mtaa betri zilikuwa zikipasuliwa wapi, mapipa yalifukiwa upande gani, maji ya kiwanda yalipita wapi. Majibu yao ndiyo yatakayokuonyesha pa kuchimba. Chukua udongo wa juu kabisa, kisha wa chini zaidi, kisha maji ya kisima, upeleke maabara. Marekani, mwaka 2024, ilishusha kiwango cha tahadhari cha risasi katika udongo wa makazi kutoka sehemu 400 kwa milioni hadi 200, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Ukiipata sumu, uliza inamfikiaje mtu: kwa vumbi, kwa mboga, kwa kisima? Njia hiyo ndiyo ya kukatwa. London, walipojenga uwanja wa Olimpiki ya 2012 kwenye bonde la viwanda vya zamani huko Stratford, waliosha udongo kwa mashine papo hapo na sehemu kubwa wakairudisha. Sisi mara nyingi tunaupakia kwenye lori, na huko unakomwagwa nako kuna watoto. Hilo linaniuma kweli.

Kufunika kwa udongo safi na saruji kunafaa pia, lakini kuandikwe kwenye kumbukumbu za kiwanja, kwa sababu mwenye nyumba wa miaka ishirini ijayo atachimba shimo la choo bila kujua amefukua nini.

Na kazi ikiisha, kabla hujalipa salio, udongo upimwe tena, na mpimaji asiwe mtu wa mkandarasi aliyesafisha. Mwonyeshe watoto watachezea wapi, aanzie hapo.