"Methinks": Wazo Linapomjia Mtu

Ndugu zangu, leo nataka tukae na neno moja tu: "methinks". Wengi wetu tulilikuta shuleni ndani ya Shakespeare, tukaambiwa maana yake ni "nafikiri", tukafunua ukurasa unaofuata. Tulidanganyika. Hicho ni kitenzi kingine kabisa.

Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vinavyokaribiana kwa sauti. "Þencan" (herufi Þ, kama ð, husomwa "th") ni kufikiri, kazi aifanyayo mtu mwenyewe. "Þyncan" ni kuonekana. Jambo ndilo linalotenda, mtu anatendewa. Mfalme Alfred wa Wessex, huko Uingereza, aliyefariki 899, aliwaandikia maaskofu wake kwamba vitabu muhimu vifasiriwe kwa lugha inayoeleweka na wote. Waraka huo hunigusa kila niusomapo. Anasema humo: "me ðyncð betre", yaani jambo hilo laonekana bora kwangu. Hakusema anafikiri.

Sisi Waswahili hatuna la kushangaa hapo. Husema njaa inaniuma, usingizi umenichukua, jina limenitoka, wazo limenijia. Hata njaa Waingereza wa kale waliisema hivyo: "me hingrode".

Basi kitenzi kile kilipoteaje? Miisho ya maneno iliyoonyesha nani katenda na nani katendewa ilipukutika, na neno linalotangulia katika sentensi likazoeleka kuwa ndilo la mtendaji. Sauti za vile vitenzi viwili nazo zikagongana mpaka kikabaki kimoja, "think". Cha pili kikaganda ndani ya "methinks".

Sasa tazameni chapa ya Shakespeare ya 1623. Katika tamthilia ya Hamlet, mwanamfalme Hamlet anamuuliza mama yake, Malkia Gertrude, anauonaje mchezo unaoigizwa mbele yao. Malkia anajibu kwamba yule bibi wa mchezoni anaapa kupita kiasi, "me thinkes". Yamechapwa maneno mawili, yametengana, na "me" ni ile ile ya Alfred! Gertrude hatoi hoja pale. Kitu kimemchoma kabla hajakipima.

Nilipokuwa nikiufasiri mstari huo niliandika "nafikiri", nikafuta. Nikaandika "naona". Ni afadhali, lakini bado yeye ndiye mtenda. Siku kadhaa nilikwama hapo. Sasa daftarini mwangu pameandikwa: "Moyo waniambia, bibi yule anaapa mno."