Kiti Hiki ni cha Watu, Si cha Kura: Mhadhara Kuhusu Eneo Bunge la 60B, Minneapolis

Asanteni. Shikamooni wazee wangu, hamjambo nyote. Historia ya 60B, eneo letu linalochagua mjumbe mmoja wa Baraza la Wawakilishi la jimbo la Minnesota, Marekani, wengi wenu mnaijua, kwa hiyo sitaanzia kwa Adamu na Hawa. Nina neno moja, na wanaonifahamu watasema, haya, ameanza tena. Kiti hiki hakikuwekwa kwa ajili ya wapiga kura. Kiliwekwa kwa ajili ya watu.

Baraza la Wawakilishi la Minnesota lina viti 134. Chukua wakazi wote wa sensa ya 2020, milioni 5.7, wagawe kwa 134: kila kiti kinaangukia watu kama 42,600. Humo yumo mtoto mchanga, yumo mwanafunzi wa chuo, yumo mkimbizi aliyeshuka ndege jana.

Haki hii ya kila kiti kuwa na watu karibu sawa ilipiganiwa. Bunge la jimbo hili lilikaa tangu 1913 bila kugusa mipaka, vijiji vikipungua na miji ikifurika, hadi raia walipokwenda mahakamani miaka ya hamsini. Kule Alabama, kaunti ya Lowndes yenye watu 15,417 ilikuwa na seneta mmoja, na Jefferson yenye zaidi ya 600,000 nayo seneta mmoja! Mahakama ya Juu ya Marekani ililikomesha hilo mwaka 1964.

Sasa atanyanyuka mtu aniambie: asiyepiga kura awakilishwe kwa lipi? Swali hili limenichosha. Mwanao hapigi kura; basi shule yake isiwe na wa kuisemea? Wapiga kura wawili wa Texas walilifikisha Mahakama ya Juu, na 2016 majaji wote wakakubaliana kwamba jimbo linaweza kugawa viti kwa hesabu ya wakazi wote. Hata Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 89, inataja wakazi.

Wakati wa sensa ya 2020 nilikuwa nikigonga milango katika yale maghorofa ya mtaa wa Cedar-Riverside, yenye vibao vya rangi, ambayo ukiwa barabara kuu unayaona toka mbali. Mama mmoja akafungua kidogo tu. Kusikia namsalimia, akanijibu kwa Kiswahili cha Eastleigh, Nairobi. "Andika wanne." Nikatazama chini. Viatu pale mlangoni vilikuwa jozi tisa, vingine vidogo vya kutosha kiganjani. Sikumbishia. Nilimwambia sheria inafunga majibu yake kwa miaka 72, mwenye nyumba hayaoni, polisi hayaoni. Akanyamaza. Kijitoto nyuma yake kikauliza, "Na nyanya je?" Akacheka, akafungua mlango wote, akaanza kutaja majina. Watano, ndugu zangu, walikuwa karibu kupotea katika chumba kimoja! Na kwa sensa hiyo hiyo New York ilipoteza kiti cha Congress, bunge la taifa la Marekani, kwa upungufu wa watu 89.

Nimetumia muda mwingi, nikimbie. Phyllis Kahn aliwakilisha mitaa hii miaka 44, tangu 1973; sheria ya 1975 ya kudhibiti moshi wa sigara ndani ya majengo aliipigania yeye. Agosti 2016 Ilhan Omar, aliyeishi utotoni miaka minne katika kambi ya Utanga karibu na Mombasa, alimshinda kwenye mchujo. Huyu hakuwa raia wa Marekani hadi mwaka 2000. Miaka yote kabla ya hapo alikuwa mkazi asiye na kura, yaani yule yule mnayeniuliza awakilishwe kwa lipi. Alipokwenda Congress, Mohamud Noor akashinda kiti mwaka 2018.

La mwisho. Ramani ya sasa ya mipaka ya viti ilitolewa na jopo la majaji watano Februari 2022, kwa kuwa wanasiasa walishindwa kuelewana. Kabla ya kuichora, jopo lilizunguka likisikiliza wananchi. Baada ya sensa ya 2030 vikao kama hivyo vikija, nendeni mkaeleze mtaa wenu unaanzia wapi na unaishia wapi. Haya, maswali. Mama wa pale nyuma, karibu.