Mausi inakata, inarudi, inakata tena: tuanzie wapi?

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Poa. Leo tunaongelea vifaa vinavyofanya kazi vikijisikia, mausi inaganda halafu inaamka yenyewe, kibodi inameza herufi, hadidiski ya nje inapotea katikati ya kukopi. Kifaa kilichokufa moja kwa moja hakisumbui, unajua kimekufa basi unatafuta kingine. Kinachosumbua ni hiki cha kufa na kufufuka, maana ukikipeleka kwa fundi kinafanya kazi vizuri tu, mpaka fundi anakuangalia kama vile unamzingua.

Sasa watu wengi kikikata tu wanachomoa, wanahamisha poti, wanaapdeti draiva, wanarestati, vyote kwa mpigo, kikipona hawajui kilichoponya ni kipi, na kikikata tena wanaanza upya. Usifanye hivyo. Gusa kitu kimoja halafu usubiri, na usubiri vya kutosha, kama kilikuwa kinakata kila baada ya saa moja hizo dakika tano ulizokaa salama hazijakwambia kitu.

Halafu sikiliza. Kwenye Windows kifaa cha USB kikichomoka kuna mlio, na kikirudi kuna mlio mwingine. Mausi isiyo na waya ikiganda na mlio ukasikika, basi kompyuta imempoteza yule mdudu mdogo uliyemchomeka kwenye USB (kile kipokezi cha mausi), shida iko kwenye poti, umeme au usingizi. Ikiganda kimyakimya, mara nyingi mdudu bado yupo ila hewani hawasikilizani, au betri imechoka. Kwa mlio tu umeshapunguza nusu ya kazi (spika ziwe wazi lakini!). Wa Linux nyie hamna haja ya masikio, fungueni dmesg, ile amri ya kuonyesha kumbukumbu za mfumo, kifaa kikichomoka kinaandikwa na muda wake.

Umesikia mlio? Angalia ulikuja wakati gani. Kama ni baada ya kuacha mashine bila kuigusa, huo usingizi, Windows inazima poti inazoona hazina kazi ili kuokoa umeme na kuna vifaa vikishalazwa haviamki sawasawa, nenda Device Manager, kwenye USB Root Hub, sehemu ya Power Management, toa ile tiki inayoiruhusu kompyuta kuzima kifaa ili kuokoa umeme. Ukija ukitingisha waya, hiyo kebo au soketi, wala usijisumbue na draiva.

Ukija wakati kifaa kinafanya kazi nzito, mimi nashuku umeme. Poti ya kawaida ya USB 2.0 inaahidi miliampea 500, ya USB 3.0 inaahidi 900, na habu (kile kigawanyaji cha poti) isiyo na adapta yake ya umeme haiongezi hata moja, wote mliochomeka hapo mnakula sahani moja. Hadidiski ndo mlafi, ikianza kuzunguka inavuta zaidi, volti zinashuka, inajikata. Itoe kwenye habu, ichomeke moja kwa moja, na kama ni kompyuta ya mezani tumia poti za nyuma kwa sababu hizo zimekaa kwenye mazabodi yenyewe, ile bodi kuu ya kompyuta, za mbele zinapitia waya mwingine ndani ya kesi. Kebo nayo iwe fupi, zile nyembamba ndefu zinakula volti njiani.

Na kama ni kimya? Badilisha betri kwanza, halafu angalia jirani wa yule mdudu. Mausi nyingi zinatumia masafa ya 2.4 GHz, na vifaa vya USB 3.0 vikiwa kazini vinatoa kelele kwenye masafa hayohayo, Intel wenyewe walitoa maelezo ya hili 2012. Kwa hiyo ukiwa na hadidiski ya USB 3.0 pembeni ya mdudu, kila ukikopi mausi inayumba. Watu wanarudisha mausi nzima dukani wakati dawa ni kiwaya cha kurefusha, umsogeze mdudu karibu na mkono.

Kuna mtu kauliza printa ya waifai inayopotea kila baada ya muda. Hiyo habari nyingine kidogo, mara nyingi ruta imeipa anwani mpya ya IP na kompyuta bado inaitafuta kwenye ile ya zamani. Ingia kwenye ruta uifungie anwani moja, halafu uiongeze upya kwenye kompyuta kwa anwani hiyo.