Aibu ya Sufuria Tupu

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Naomba kujua: nani hapa jana hakumwaga chakula chochote? Naona mkono mmoja. Mama, wewe unafuga kuku, hiyo haihesabiki. (Kicheko.)

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, majirani zetu wa Nairobi, lilikadiria kwamba mwaka 2022 kila mtu duniani, kwa wastani, alitupa kilo 79 za chakula nyumbani kwake, maganda na mifupa ikiwemo. Tumezoea kusema hayo ni mambo ya Wazungu na mafriji yao. Lakini nchi tajiri na nchi za kipato cha kati, hata zile za kipato cha kati cha chini kama Tanzania, zilipishana kwa kilo 7 tu.

Sasa kinachotupeleka huko ni nini? Mimi nasema ni aibu. Mgeni akiondoka sufuria ikiwa tupu, mwenye nyumba anajiona kaumbuka. Kwa hiyo tunapika chakula cha watu kumi, wanakula sita. Asubuhi mtoto akipewa kiporo analia kwamba kwa kina fulani wanakunywa chai na mkate.

Aibu hiyohiyo inatufuata mashineni. Dona? Hicho chakula cha bweni na jela! Tunataka sembe nyeupe, itoe ugali wa kung'aa. Basi mahindi yanakobolewa, na pumba inaondoka pamoja na kiini, palipo na sehemu kubwa ya vitamini B, madini ya chuma na zinki. Pumba hiyo anapewa nani? Kuku wa mama huyu. Kuku wanakula vizuri kuliko watoto wetu, halafu tunaenda duka la dawa kununua vidonge vya kuongeza damu. Huko nako ni kutupa chakula, ila hatukuiti hivyo kwa kuwa ndoo ya taka haijaguswa.

Wanaolalamika kwamba dona inachacha wana haki yao. Kiini kina mafuta, na unga ukikaa unakuwa mchungu. Usisage debe zima kwa mkupuo. Saga wa wiki mbili, basi.

Ila nikisifia kiporo sisemi mle chochote. Wali hasa. Una bakteria ambao vijimbegu vyao haviuliwi na kuchemsha. Wali ukilala kwenye sufuria jikoni, vinaamka na kuacha sumu, na sumu hiyo hata ukipasha moto haiondoki. Ukibaki, utandaze kwenye sinia upoe upesi, ufunike, uingie kwenye friji ndani ya muda wa saa mbili tangu uive. Asiye na friji apime mchele kwa kikombe, apike wa kumaliza, na mgeni akikuta sufuria tupu achemshiwe viazi.

Nipokee maswali. Yule kaka aliyenuna tangu niliposema dona, aanze yeye.